Deni la Simbilisi

Mama Prezida hakukaa katika nyumba ya mtu. Ukimpa kiti alikishika, akakisogeza kando, akabaki amesimama mlangoni na kikapu chake mkononi. Hakuuliza habari za mume wala za watoto. Alikuwa na swali moja tu: "Iko muzima?" Nilipokuwa mdogo nilidhani anauliza juu ya mama yangu. Kumbe aliuliza juu ya simbilisi.

Kwetu Kibabi, katika milima ya Masisi mashariki ya Kongo, kila jiko lilikuwa na simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, ukubwa wa ngumi mbili, wanaolala karibu na moto na kupiga kelele kila wanaposikia kisu kinakata majani. Wanakula majani ya viazi, maganda ya ndizi, chochote. Ni wanyama wa wanawake na watoto. Mwanaume ana ng'ombe, na kama hana ng'ombe ana mbuzi, na kama hana mbuzi ana maneno marefu juu ya ng'ombe wa babu yake. Sijawahi kusikia mwanaume akijisifu barazani juu ya simbilisi. Mama Prezida alikuwa prezida wa shirika la wanawake la kijiji, na shirika lile lote alilijenga juu ya jambo hilo: mwanaume wa Masisi ana haya na simbilisi.

"Kitu ya mwanamuke," alikuwa akisema, "ikuwe kwanza kitu yenye mwanaume iko na haya ya kuiba. Kiisha tutaona."

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui, na yeye mwenyewe hakusema. Mimi ninamjua kuanzia mikono. Mikono yake ilinuka majani mabichi na moshi, hata kanisani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kazi yake peke yake. Alimlaza simbilisi chali kwenye kiganja, akabonyeza kidogo chini ya tumbo, akatamka: "Jike." Au: "Dume." Hakuangalia. Aliweza kufanya hivyo huku akigombana na mtu mwingine kabisa. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha, na wanawake wengi walikosea. Mama yangu alifundishwa na yeye, na mimi nilifundishwa na mama yangu, na kati ya vitu vichache nilivyorithi, hicho kimoja hakuna aliyeweza kuniibia.

Mkopo wake ulikuwa hivi. Mwanamke alipewa majike mawili, na dume la kuazima. Wakizaa, alilea watoto mpaka wakue kidogo, halafu alirudisha majike mawili. Hakumrudishia Mama Prezida. Alimpa mwanamke aliyefuata, siku ya mkutano, kwenye majani nyuma ya kanisa, mbele ya macho ya wote. Aliyepokea naye akawa na deni kwa anayemfuata. Dume halikulipa deni. Ukileta dume, Mama Prezida alilisukuma kando kwa mguu, akakuambia urudi nyumbani na deni lako. Wapo waliolia pale nyuma ya kanisa. Hakuwabembeleza.

Wanaume mwanzoni walicheka. Waliliita shirika la panya. Mama Prezida alifurahi sana kwa jina hilo, akalitumia yeye mwenyewe mbele ya chefu, mkuu wa kijiji. Alijua kwamba mtu anayekucheka hana haraka ya kukunyang'anya.

Mmoja tu ndiye aliyejaribu. Alikuwa jirani yetu, mtu wa kupenda kasiksi, ile pombe ya ndizi, na siku moja ya soko aliingia jikoni kwa mke wake, akachukua simbilisi watatu ndani ya kofia, akashuka nao sokoni. Mama Prezida alipata habari kabla mtu yule hajafika. Hakupiga kelele. Alikusanya wanawake waliokuwa wakiuza maharagwe, akawapanga njiani, na kila mmoja, mtu yule alipopita, aliinama kwa heshima zote na kumsalimia: "Bonjour, Papa Muchungaji. Ng'ombe zako ni nzuri sana. Zinakamuliwa lita ngapi?" Alipofika katikati ya soko hata watoto walikuwa wakimpisha njia na kumuuliza habari za malisho. Aligeuka, akarudisha kofia na vyote vilivyokuwamo. Tangu siku ile hakuitwa jina lingine ila Muchungaji. Hata padri alijisahau mara moja akamwita hivyo madhabahuni.

Kutoka kwa simbilisi mtu alipanda. Wakiwa wengi aliuza baadhi, akapata mbuzi jike. Hapo ndipo hatari ilipoanza, maana mbuzi mwanaume hana haya naye. Kwa hiyo Mama Prezida aliweka sheria kwamba mbuzi wote ni wa shirika. Mwanamke anamchunga, anakula faida yake, lakini mumewe akitaka kumuuza anaambiwa amuombe prezida. Hakuna mwanaume aliyetaka kusimama mbele ya yule mama na kuomba. Wengi walipendelea kukosa mbuzi.

Nisimfanye malaika. Kaka yangu mdogo aliposhikwa na homa ya matumbo, mama yangu alikwenda kumuomba auze mbuzi mmoja wa shirika tulipie dawa. Mama Prezida alisimama mlangoni kwake, safari hii yeye ndani na mama nje, akasikiliza mpaka mwisho.

"Deni yako itangoya," akasema. "Hata mwaka itangoya. Lakini mbuzi haitauzwa. Nikiuza ya mutoto wako leo, kesho ni ya mutoto wa mwingine, na kesho kutwa hatuna kitu."

"Mutoto anaweza kufa, Mama Prezida."

"Ninajua."

Mama aliuza vitenge vyake viwili na sufuria kubwa. Kaka alipona. Mama hakumsamehe kamwe, na hakuacha kwenda kwenye mkutano hata siku moja. Nilipomuuliza inakuwaje, alisema, "Ule mama iko mubaya. Lakini haibi." Yeye aliona amemaliza maelezo.

Nyumbani kwake ndiko kulikonichanganya zaidi. Mume wake alikuwa mzee mpole, mwenye sikio moja bovu, na Mama Prezida alimpa chakula akiwa amepiga magoti. Fufu ilifunikwa, maji ya kunawa yalikuwa ya vuguvugu, na hakugusa chakula chake kabla mzee hajamaliza. Alimwita Bwana Mukubwa. Mzee hakujua shirika lina mbuzi wangapi, na sidhani alitaka kujua. Siku moja msichana wa shule, aliyekuwa amesoma mpaka Goma, alimuuliza kwa nini anapiga magoti hali anafundisha wanawake wasimame.

"Magoti ni yangu," akajibu. "Ninapiga penye ninataka."

Na binti yake alipoposwa, yeye huyo huyo alisimama nyuma ya pazia na kuwatuma wazee wa ukoo warudi tena na tena kudai ng'ombe mmoja zaidi, na mbuzi wawili zaidi, na blanketi la bibi. Wakwe walitoka jasho. Wanawake wa shirika walinong'ona kwamba anauza mtoto. Alipata habari, akalisema mkutanoni mwenyewe kabla ya mtu mwingine kuthubutu. "Ile sheria niliikuta," akasema. "Sikuitunga. Lakini kama mutoto wangu anatoka bure, kule anakoenda njo atahesabiwa bure. Siku mutaifuta, mutaniambia. Nitakuya kusaidia." Mbuzi wa mahari, alipowapata, mmoja alimwingiza katika shirika kwa jina la binti. Sijui kama hilo linamsafisha. Ninaeleza nilichoona.

Mama Prezida hakufanya yote hayo kwa sababu ya simbilisi, wala kwa sababu ya mbuzi. Alitaka udongo. Kwetu mwanamke analima maisha yake yote shamba la mtu: la baba, la mume, la shemeji akifiwa. Mume akifa, shemeji anakuja na kamba anapima. Mama Prezida hakulizungumzia hilo kwa hasira. Alilizungumzia kama mtu anayesema mvua inavuja mahali fulani na inabidi bati libadilishwe.

Juu ya kijiji palikuwa na kipande cha mlima, udongo mweusi, upande wa jua. Kilikuwa cha mzee mmoja mjane, wa familia ya Wakristo waliolima mlima ule tangu zamani. Watoto wake walikuwa wamekwenda mjini, naye aliugua, akataka kuuza. Mama Prezida alimwendea na mbuzi wote wa shirika nyuma yake, wengine wana mimba.

"Ninauzia mwanaume gani?" mzee akauliza.

"Hakuna mwanaume."

"Basi karatasi itaandikwa nani?"

"Sisi."

Chefu wa kijiji alikataa. Alisema kwa upole kabisa kwamba karatasi ya shamba inahitaji jina la mwenye nyumba. Mama Prezida hakubishana. Alirudi baadaye na pendekezo: karatasi iandikwe majina ya wanawake, kisha waume waitwe kuwa mashahidi, kila mmoja atie kidole chake mbele ya chefu, kwa heshima, na kasiksi iwepo. Waume walifurahi. Hakuna aliyewahi kuwaita kushuhudia kitu chochote. Walivaa makoti, wakasafisha vidole, wakatia alama kwamba shamba si lao. Muchungaji alikuwa wa kwanza, na aliomba kuweka vidole viwili. Nilimsikia Mama Prezida akicheka siku ile, sauti nzito iliyokohoa katikati. Sijui kama nilimsikia tena.

Shamba liligawanywa kwa mistari, kila mwanamke na wake, na miti ya mpaka ikapandwa. Mama yangu alipata mistari ya karibu na jiwe kubwa. Alipanda maharagwe. Jioni alikaa juu ya lile jiwe bila kufanya kitu, yeye ambaye hakujua kukaa. Nilikuwa nikimwita chakula kimeiva, naye ananiambia, "Ninakuya," lakini haji.

Halafu vita ikaja. Ilikuwa imekuja kabla, ilikuja tena baadaye, na kwa hiyo kusema ikaja ni namna tu ya kusema. Safari hii ilitaka Kibabi. Wenye bunduki wa kwanza walichukua ng'ombe. Waliofuata walichukua mbuzi, wa shirika waliokuwa wameanza kuongezeka tena na wasio wa shirika, na hawakumuomba prezida. Mmoja wao alichungulia jikoni kwetu, akawaona simbilisi, akacheka, akaondoka. Mama alinitazama, na mimi nilijua anafikiria nini: hata huyu ana haya. Lakini waliokuja nyuma ya hao walikuwa na njaa, na hawakuwa na haya yoyote. Hapo tulikimbia.

Watu walitawanyika kila upande. Wengine walielekea Ngungu, wengine Burungu, wengine wakashuka mpaka kambi za karibu na Goma. Sisi tulichukua njia ya pori kwenda Walikale: mama, kaka yangu na mimi. Mama alibeba simbilisi wawili ndani ya nguo, kifuani. Walikuwa majike yake ya deni, aliyokuwa akiyalea ampe mke wa Muchungaji, ambaye ndiye alikuwa anafuata katika mzunguko mpya wa mikopo. Tuliwala katika pori. Mama mwenyewe aliwachinja, na hakula. Kaka alikwenda kuchota maji mahali fulani baada ya hapo na hakurudi. Tulimngoja, kisha watu wakatuvuta mkono. Mama alifika Walikale, akaugua, akafa kabla ya kupata turubai. Nimeyaandika kwa haraka kwa sababu hivyo ndivyo yalivyo ndani yangu. Watu hunitazama nikieleza, wakisubiri nilie, na mimi huwasubiri wamalize kunitazama.

Nilibaki Walikale. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki mzuri, mwenye duka la chumvi, sabuni na mafuta, na lori moja lililolala barabarani zaidi ya lilivyotembea. Aliniweka mbele ya duka niuze sabuni vipande. Alinilipa vizuri. Alinialika misa. Nilikwenda, nikapiga magoti, nikasimama, nikarudi kuuza sabuni. Sikuwa na huzuni. Ninasema hivi kwa sababu watu hawaniamini. Asubuhi niliamka, nikanawa, nikakata sabuni kwa uzi, na jioni ikafika. Habari zikija kwamba kijiji fulani kimechomwa, niliuliza mteja kama anataka kipande kikubwa au kidogo. Miaka ilipita hivyo.

Siku moja, watu wakiwa wengi dukani, nilisikia sauti nyuma yao.

"Iko muzima?"

Nilijua kabla ya kuinua kichwa. Alikuwa amekonda sana, koti la kiume limemzidi, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kikapu kilikuwa kile kile, ama ndugu yake. Nilimpa kiti. Alikishika, akakisogeza kando.

"Mama Prezida," nikasema. "Ulitoka wapi?"

"Ngungu. Kiisha Burungu. Kiisha kule chini ku kambi. Sasa hapa." Aliangalia huku na huku dukani. "Mama yako iko wapi?"

"Alikufa."

"Na kaka?"

"Sijui."

Alitikisa kichwa. Hakusema pole. Wengine wote walikuwa wamesema pole, na sikukumbuka hata mmoja wao.

"Mama yako alibakia na deni," akasema. "Simbilisi mbili, majike. Za muke ya Muchungaji."

Wateja waligeuka. Bwana wangu wa Butembo aliacha kupanga chumvi. Nilidhani nitakasirika, nikangoja hasira ije, haikuja.

"Tulizikula," nikasema. "Mu pori."

"Sawa. Kula haiko makosa. Watu walikula hata viatu." Alihamisha mguu mmoja. "Lakini deni iko."

Kisha akanieleza, akiwa amesimama, kilichomtembeza. Watu walikuwa wameanza kurudi Kibabi kidogo kidogo. Chefu wa zamani alikuwa amekufa, na mtoto wake ndiye aliyeshika nafasi. Huyo kijana alisema shamba la wanawake limekuwa kichaka, na kichaka kwa desturi kinarudi kwa chefu. Mama Prezida alimwonyesha karatasi. Alikubali karatasi. Alisema karatasi ina majina, basi wenye majina waonekane, au mabinti wao, walime kwa mikono yao. Angekuja kuangalia wakati wa kupalilia, na angekuja tena wakati wa mavuno. Mara yoyote kati ya hizo mbili akikuta nusu ya mistari haina mtu, mlima wote anaugawa upya, kwa wanaume wenye nyumba.

"Sasa tuko wangapi?" nikauliza.

"Hatujafika nusu."

Ndiyo maana alikuwa akitembea. Alikuwa amepita kambi zote na kikapu, akidai madeni ya simbilisi kwa watu waliolala chini ya plastiki. Wengine walimtukana. Mmoja alimrushia maji ya vyombo. Lakini hakuna njia nyingine ya kumfikia mtu, alisema. Ukimwambia muntu yenye amefiwa akuye kupigania shamba, atakuambia hana nguvu. Ukimwambia iko na deni, atasimama, hata kama ni kwa kukupiga.

"Mimi sina nguvu, Mama Prezida," nikasema. "Sitaki shamba. Sitaki kitu."

"Sikukuuliza kama unataka."

Alifungua kikapu. Ndani, juu ya majani, walikuwamo simbilisi wawili, mmoja wa kahawia, mmoja mwenye madoa meupe, tayari wote wana mimba. Aliwaweka juu ya meza ya sabuni. Walianza kula kamba ya mfuko.

"Hizi ni za shirika. Zitazaa. Ukileta majike mawili kule juu wakati wa kupalilia, ukapatia muke ya Muchungaji, deni ya mama yako imeisha, na yako imeisha. Utarudia huku kuuza sabuni."

"Na nisipokuya?"

"Basi itasemwa binti ya mama fulani alikula deni."

Akaondoka. Bwana wangu alitaka kunicheka, kisha akaniangalia, akaenda mwenyewe kutafuta majani ya viazi.

Niliwaweka chini ya meza. Walizaa. Niliwapa maganda, nikafagia, nikawafunika wakati wa mvua. Siwezi kusema kwamba walinifariji. Walikuwa na njaa kila asubuhi, na nilipaswa kuamka. Wadogo walipokua kidogo, niliwabonyeza mmoja mmoja kama mama alivyonifundisha, nikachagua majike mawili yenye nguvu. Nilimwambia bwana wangu naenda kulipa deni na kurudi. Lori lake lilikuwa likipanda kufuata maharagwe, na lingeshuka siku ya pili yake. Akaniambia nafasi yangu mbele ya duka iko.

Kibabi niliikuta na nyumba chache zenye moshi. Sikusimama mahali petu. Nilipanda moja kwa moja mlimani. Wanawake walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye mistari yake na jembe, na kati yao kulikuwa na nafasi, mistari mingine ina majani yanayofika kiunoni. Chefu kijana alikuwa kwenye mpaka na watu wake, anahesabu kwa fimbo. Wengine kati ya wanawake wale walikuwa mabinti niliocheza nao. Hatukusalimiana sana. Mke wa Muchungaji alikuwapo, amenyoa, maana Muchungaji hakuwapo tena. Mama Prezida alikaa juu ya jiwe la mama yangu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa. Miguu ilikuwa imekataa.

"Umekuya," akasema.

"Nimeleta deni."

"Lete mbele ya wote."

Nilimpa wa kwanza. Akamlaza kwenye kiganja, akabonyeza. "Jike." Akampa mke wa Muchungaji. Nikampa wa pili. Akamlaza, akabonyeza. Kidole kilikaa pale kuliko kawaida. Aliangalia chini, barabarani, ambapo lori la Butembo lilikuwa linapakia. Aliangalia mistari ya mama yangu, iliyojaa majani.

"Hii ni dume," akasema.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimembonyeza yule mnyama Walikale, na tena ndani ya lori, na tena asubuhi ile nikiwa chini ya mlima. Nilikuwa na uhakika naye kama nilivyo na uhakika na jina langu. Mama Prezida, ambaye kidole chake hakijawahi kukosea, ambaye aliwarudisha wanawake wakilia, alikuwa amesema uongo mbele ya shirika lote. Mke wa Muchungaji alimpokea mnyama, naye akambonyeza, kisha akaangalia majani.

Nikamwona Mama Prezida akiangalia tena lori. Aliogopa. Sikuwahi kumwona anaogopa, hata wakati wa bunduki. Aliogopa kwamba nitamaliza deni, nitashuka, nitapanda lori, na wakati wa mavuno mistari ya mama yangu itakuwa tupu, na fimbo ya yule kijana itaihesabu hivyo.

Kitu fulani kifuani kilinisukuma, si kwa upole. Kiliuma. Nilikuwa nimesahau kwamba pale kuna mahali pa kuuma.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Ni dume. Nilikosea. Nitaleta ingine."

"Basi unabakia na deni," akasema, na kusafisha kidole chake kwenye koti.

Mtu fulani alinipa jembe. Nikavua viatu, nikaingia kwenye mistari karibu na jiwe, nikaanza kukata majani. Fimbo ya chefu ilipita, ikanigusa hewani, ikaendelea mpaka hesabu yake ikavuka nusu. Chini, lori lilipiga honi mara kadhaa, halafu likaondoka.

Kabla ya maharagwe kukauka, yule dume alizaa watoto watatu. Mke wa Muchungaji aliwaleta mkutanoni ndani ya kikapu, akawaweka katikati bila kusema ametoka nao wapi, na wanawake wote wakapata cha kutazama upande mwingine. Mama Prezida, amelazwa kwenye mkeka kwa sababu hakuweza tena hata kukaa, akaomba apewe mmoja mmoja. "Jike," akasema. "Jike. Dume." Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Na wewe," akasema. "Ile deni yako iko wapi?"

"Inakuya, Mama," nikamjibu. "Haijakomaa."

"Sawa," akasema. "Nitangoya."